Walifunga Ufukwe, Samaki Wakawa Wanakulia Mlangoni: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Ziwa Nyasa

Kuhusu kisa hiki

Hiki ni kisa cha kijiji kimoja cha wavuvi wilayani Kyela, mkoani Mbeya. Majina ya kijiji, ya kata na ya watu wote yameondolewa, na mambo machache madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Nimekiandika kwa ajili ya wajumbe wa vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, maofisa uvuvi wa kata, na walimu wa biolojia wanaotafuta mfano wa nyumbani. Mimi nilikuwa mwezeshaji wa mikutano. Uamuzi wote ulifanywa na kijiji chenyewe.

Swali la kisa ni hili: kijiji kimekubaliana kulinda samaki wachanga, je, kitajuaje ni wapi hasa samaki hao wanakulia?

Mahali penyewe

Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na kilindi kinachofika mita 700 hivi. Ukubwa huo unadanganya. Ukishuka chini ya mita 250 hivi maji hayana oksijeni, na samaki hawaishi huko. Upande wetu wa Tanzania, sehemu ndefu ya mwambao imeshikwa na Milima ya Livingstone, ambayo inateremka moja kwa moja majini. Unaacha jiwe la mwisho na tayari uko kilindini. Kwa hiyo maji ya kina kifupi, yenye jua, majani na mahali pa kujificha, ni machache kuliko mtu anavyodhani akilitazama ziwa kutoka juu ya mlima. Bonde la Kyela ni bahati ya pekee, kwa sababu mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inamwaga maji na mchanga humo na kuacha tambarare, vinamasi na matete.

Kijiji chetu kina ufukwe mpana wa mchanga mbele ya mwalo, yaani mahali mitumbwi inaposhusha samaki. Upande mmoja wa ufukwe huo kuna mkono wa zamani wa mto, ulioachwa mto ulipohama, nao umejaa matete. Kati ya matete hayo na mstari wa mawe makubwa yanayoingia ziwani kuna upenyo wa maji ambao wenyeji wanauita mlango. Kiangazi mtu mzima anauvuka maji yakiwa magotini. Masika yanamfika kifuani, na yanaingia yakiwa na rangi ya chai ya maziwa kutokana na udongo wa milimani.

Samaki wanaohusika ni wa aina tatu. Kuna magege, yaani perege wa ziwa. Kuna mbasa, samaki mrefu mwenye mng'ao wa fedha, ambaye hupanda mitoni kutaga kwenye changarawe safi, na watoto wake hushuka baadaye kurudi ziwani. Na kuna dagaa, ambao maisha yao ni ya maji ya wazi, ingawa watoto wao husukumwa na upepo hadi ufukweni.

Malalamiko

Wavuvi wa nyavu za kutega walileta hoja kwenye mkutano wa BMU kwamba magege wamekuwa wadogo na wachache. Lawama zikaanza kuzunguka. Wengine walisema ni kokoro, wavu mrefu wa kukokota, ambalo kisheria limekatazwa lakini lilikuwa likivutwa usiku. Wengine walisema ni wavuvi wa kambi wanaokuja na kuondoka. Na karibu kila mwanamume aliyesimama aliwataja akina mama wanaovua mlangoni kwa vyandarua.

Akina mama hao hawakuwa wanajificha. Waliingia majini asubuhi wawili wawili, wakakokota chandarua kandokando ya matete, wakaanika walichopata juu ya mkeka na kukiuza kwa kopo kama dagaa mchanganyiko. Wengi wao walikuwa wajane au wanawake wasio na mtumbwi. Ilikuwa ndiyo kazi pekee ya ziwani inayofanyika bila mtaji.

Uamuzi wa kwanza: kufunga ufukwe

Mkutano mkuu wa kijiji uliazimia kutenga eneo la mazalia ya samaki. Eneo lililochaguliwa ni ufukwe wa mbele ya mwalo, na aina zote za nyavu zikapigwa marufuku hapo.

Sababu zilizotolewa zilikuwa na uzito. Asubuhi nyingi, hasa upepo ukivuma kuelekea nchi kavu, maji ya ufukweni yalijaa samaki wadogo kiasi kwamba watoto waliwachota kwa vikombe. Kila mtu alikuwa amewaona. Pili, ufukwe unaonekana kutoka ofisi ya kijiji, kwa hiyo doria haihitaji mtumbwi wala mafuta. Tatu, kokoro lilikuwa likivutwa hapo hapo, na kufunga eneo kungewapa walinzi nguvu ya kulikamata.

Sababu ya nne haikusemwa kwa sauti. Mlango ulikuwa na wenyewe, na kuufunga kungemaanisha kugombana na mama zao, shangazi zao na majirani zao.

Ulinzi ulifanyika vizuri. Kokoro liliondoka ufukweni ndani ya msimu mmoja. Lakini waliokuwa wakilivuta hawakuacha uvuvi: baadhi walihamia mlangoni, wakawakuta akina mama na vyandarua vyao, na sehemu ndogo ikabeba mzigo wa watu wengi. Msimu uliofuata wavuvi wa magege walirudi na malalamiko yale yale, safari hii wakiwa na hasira, kwa sababu walikuwa wameacha eneo zuri la kutega na hawakuona faida.

Mgeni kutoka pwani

Wakati huo kijiji kilipokea mwanafunzi wa chuo cha uvuvi aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo, binti wa pwani ya kusini aliyekulia kwenye familia ya wavuvi. Katika mkutano mmoja aliomba ruhusa ya mwenyekiti, akawaamkia wazee, kisha akauliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiuliza: "Wazee wangu, hawa wadogo wa ufukweni, mmewahi kuwaona wakiwa wamekua kidogo hapo hapo?"

Kimya. Hakuna aliyewahi.

Akaeleza walivyofundishwa kuhusu papa. Kwenye miamba ya matumbawe kuna papa mwenye ncha nyeusi kwenye pezi la mgongo. Mama huzaa watoto hai, kwa kawaida wawili hadi watano, kila mmoja na urefu wa kati ya sentimita 33 na 52 hivi, kisha anaondoka. Mtoto hana mlezi, na papa wakubwa, hata wa jamii yake, wanaweza kumla. Kinachomwokoa ni mahali. Ndani ya milango ya miamba, kwenye maji mafupi ya nyuma ya matumbawe na pembezoni mwa mikoko, mkubwa hapiti, na maji yanapojaa yanamletea mtoto chakula. Katika kisiwa cha matumbawe cha Saint Joseph huko Shelisheli, papa wachanga wa aina mbili wanakulia kwenye maji ya namna hiyo. Huko Polinesia ya Kifaransa, majike wa papa wa ncha nyeusi wa Moorea wamethibitika kusafiri kilomita 50 hivi kuvuka bahari ya kina hadi Tetiaroa ili kuzaa. Na huko Bimini, Bahamas, utafiti wa miaka mingi ulionyesha papa majike wa aina nyingine wakirudi kuzaa pale pale walipozaliwa.

Zamani, alisema, watafiti waliita kila sehemu yenye papa wadogo makulio. Mwaka 2007 Michelle Heupel na wenzake wakabana maana hiyo kwa masharti matatu. Papa wachanga wawe wengi hapo kuliko sehemu nyingine. Wakae hapo au warudi kwa muda mrefu. Na mahali hapo patumike hivyo mwaka baada ya mwaka. Kabla yao, mwaka 2001, kundi jingine la wanasayansi lilikuwa limeongeza jambo gumu zaidi kwa samaki na viumbe wa baharini kwa ujumla: makulio ni pale panapotoa wakubwa wengi zaidi, kwa kila kipande cha eneo, kuliko mahali pengine wanapoishi wadogo.

Mzee mmoja alinung'unika kwamba Nyasa haina papa. Ni kweli. Lakini mwenyekiti wa BMU alishika neno, akasema masharti yale matatu yanaweza kuulizwa kwa magege pia, na hayahitaji maabara.

Migono mitatu na mkasi wa kucha

Waliamua kuchunguza kabla ya kubadilisha chochote. Migono, yaani mitego ya kusukwa, ya ukubwa mmoja ilitengenezwa na mzee mmoja, ili asiwepo wa kusema mtego wa upande fulani ulikuwa bora. Mmoja ukawekwa ufukweni, mmoja mlangoni kando ya matete, mmoja nje ya mawe. Ilitegwa na kuteguliwa saa zile zile, alfajiri na jioni, kiangazi na masika. Wanafunzi wa sekondari waliandika kwenye daftari aina ya samaki na urefu wake kwa rula. Samaki waliofika urefu wa kidole walikatwa ncha ndogo ya pezi la tumboni kwa mkasi wa kucha na kurudishwa majini, kila eneo na pezi lake: la kushoto kwa ufukwe, la kulia kwa mlango. Mkato wa namna hiyo hauwadhuru sana, na unaonekana kwa wiki kadhaa kabla pezi halijaota tena.

Picha iliyojitokeza ilikuwa wazi hata kabla ya kujumlisha. Ufukweni kulikuwa na samaki wengi mno siku fulani na karibu hakuna siku iliyofuata, na wengi walikuwa watoto wa dagaa. Waliletwa na upepo na kuondoka nao. Wale wachache waliokatwa pezi la kushoto hawakuonekana tena hapo. Mlangoni idadi ya siku moja ilikuwa ndogo kuliko ya ufukwe, lakini daftari lilionyesha magege wa kila kimo, kuanzia wenye urefu wa ukucha hadi wa kiganja, na wenye pezi la kulia lililokatwa waliendelea kunaswa mle mle. Baadaye wachache wao, wakiwa wamekua, walipatikana nje ya mawe.

Kuna jambo jingine lililowashawishi watu kuliko daftari. Bibi mmoja, mvuvi wa chandarua wa miaka mingi, alimpata jike la magege kwenye matete, akalishika juu ya beseni la maji na kulibonyeza taratibu chini ya taya. Watoto wakamiminika kutoka mdomoni, wengine wakiwa bado na kifuko cha kiini tumboni. Kwa samaki hawa jike huyaatamia mayai mdomoni, na hata baada ya kuanguliwa watoto hurudi humo wakishtuka. Bibi akaweka ncha ya kidole gumba juu ya maji, na wale watoto wote wakakusanyika kwenye kivuli chake, wakitafuta tundu jeusi la kuingia. Yule binti wa chuo alikuwa amepiga magoti kando ya beseni. "Mjukuu wangu," bibi akamwambia, "hawa siku zote wanatemwa hapa kwenye matete. Ufukweni mama hawatemi, mnandi na mdiria wangewamaliza." Alikuwa akijua hilo miaka yote. Mkutano ule wa kwanza haukumuuliza.

Uamuzi wa pili

Kijiji kilihamisha eneo. Ufukwe ukafunguliwa kwa ndoano na nyavu za kutega zenye macho halali. Kokoro likabaki marufuku kama sheria inavyotaka. Mlango na ukanda wa matete vikafungwa kwa nyavu zote na vyandarua mwaka mzima, na kukata matete kukazuiwa.

Kuhusu akina mama, kulikuwa na pande mbili. Ofisa mmoja alipendekeza faini na kuchoma vyandarua. Wajumbe wanawake wa BMU walikataa, wakasema mwanamke aliyenyang'anywa chandarua leo atapata kingine kesho, kwa sababu njaa haijanyang'anywa. Walipendekeza akina mama wa mlangoni wapewe nafasi ya kwanza ya kununua dagaa kutoka mitumbwi ya taa, kwa bei ya mwaloni, wawakaushe na kuwauza. Pendekezo hilo likapita. Wawili kati yao waliingizwa kwenye doria ya mlango, na naliona hili kuwa ndilo lililokuwa bora kuliko yote yaliyoamuliwa siku ile.

Matokeo

Baada ya masika mawili, migono ya mlangoni iliendelea kuonyesha samaki wa kila kimo, na sharti la tatu, la kutumika mwaka baada ya mwaka, likawa na jibu. Wavuvi wa magege walisema wanapata wakubwa zaidi karibu na mawe. Wavunjaji walikuwa wachache, na wengi walikamatwa na wale akina mama wawili, ambao wanajua mtu anaingia majini saa ngapi na kwa njia ipi.

Mpango wa dagaa uliwasaidia wenye akiba kidogo. Wasio na kitu walishindwa, kwa sababu kununua ndoo ya dagaa kunahitaji fedha asubuhi, na mlango haukuwahi kumdai mtu fedha. Baadhi yao walienda kufanya vibarua kwenye mashamba ya mpunga na kakao ya watu.

Kwa mbasa hakuna kilichobadilika.

Kisha mvua kubwa ikaja, mto ukasukuma mchanga, na mlango ukahama. Upenyo wa zamani ukajifukia, mwingine ukafunguka upande wa pili wa jiwe lililopakwa rangi kuwa alama ya mpaka. Samaki wachanga wakafuata maji. Kwa maandishi ya sheria ndogo walikuwa sasa nje ya eneo lililofungwa, na siku mbili hazikupita kabla vyandarua havijaonekana hapo.

Uchambuzi

Uamuzi wa kwanza ulikosea mahali kwa sababu ulifuata wingi unaoonekana kwa macho. Kwa papa kosa hilo lina madhara madogo kidogo, kwani papa huzaa watoto wachache na kila mmoja ana nafasi ya maana ya kukua. Kwa samaki wetu ni kosa kubwa. Watoto wa dagaa wanaweza kujaa mahali ambapo karibu wote watakufa au kuondoka. Kipimo chenye maana ni ngazi ya vimo: ukiona wadogo, wa kati na wanaokaribia kuondoka katika sehemu moja, hapo wanakulia. Daftari na rula vilitosha kulionyesha hilo.

Kwa nini mlango? Kina kifupi na mashina ya matete vinawazuia samaki wakubwa wanaokula wenzao na kuwaficha wadogo wasionwe na ndege. Mashina hayo hayo huota utando wa mwani na kushika wadudu, ambao ndio chakula cha samaki wachanga. Mto huleta rutuba, na mawe huvunja mawimbi. Ondoa matete tu, huku ukiacha maji, mawe na mto, na makulio yanakufa. Wenzetu wa Malawi waliliona hilo katika Ziwa Malombe: nyavu za macho madogo zilikokotwa juu ya majani ya chini ya maji, majani yakatoweka, na uvuvi wa chambo, ndugu wa magege wetu, ukaporomoka kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ndiyo maana katazo la kukata matete lilikuwa na thamani kubwa kuliko watu walivyofikiri.

Kosa zito zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba hakuna aliyepima mavuno ya magege kabla ya kuanza. Wavuvi wanasema samaki wamekua, nami nawaamini, lakini mwaka ule kokoro pia lilipungua, kwa hiyo hatuwezi kugawanya sifa kati ya sababu hizi mbili. Kijiji kinachotaka kurudia zoezi hili kianze kuandika uzito na urefu wa samaki mwaloni msimu mzima kabla ya kufunga chochote.

Mbasa anatufundisha mpaka wa uwezo wa kijiji. Kwake mlango ni njia ya kupita tu. Mazalia yake yako kwenye changarawe za mtoni, katika vijiji vya juu vinavyochimba mchanga na kulima hadi ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, lakini BMU ya ziwani haina mkono huko juu. Hakuna mjumbe wa kijiji cha juu aliyealikwa kwenye mkutano wowote, na hilo lingewezekana kwa barua moja.

Gharama ya makulio haya iliangukia watu wale wale waliokuwa na kidogo. Magege aliyekulia mlangoni anavuliwa na mwanamume mwenye mtumbwi, ilhali aliyeacha chandarua ili samaki huyo akue ni mjane asiye na mtumbwi. Mkopo mdogo wa ndoo ya kwanza ya dagaa, unaorejeshwa kwa mauzo, ulijadiliwa na kuahirishwa kwa kukosa mtu wa kuusimamia. Ushuru wa mwaloni ungeweza kuuanzisha. Nasisitiza jambo hili kwa sababu naona vijiji vingine vikikimbilia alama na doria na kuliacha suala hili mwishoni, na mwisho huo haufiki.

Kuhusu mlango uliohama, rasimu mpya ya sheria ndogo imeacha kutaja jiwe. Inasema eneo lililofungwa ni "upenyo wowote wa maji unaounganisha matete na ziwa, popote utakapokuwa, pamoja na hatua 50 kila upande", na inawapa wajumbe wa BMU mamlaka ya kusogeza alama kila baada ya mafuriko na kutangaza kwenye mbao za matangazo. Mkutano mkuu wa kijiji umeipitisha. Iko halmashauri ikisubiri kuidhinishwa, na kwa sasa wale akina mama wawili wanalinda upenyo mpya kwa kuwaomba watu.